Kioo cha Jumapili Ile

Mpaka leo, Rula akiangusha kijiko jikoni kwake, hufumba macho kwanza, ndipo ainame kukipapasa sakafuni. Mumewe alikwishazoea. Wanawe humcheka, na kitinda mimba wake humsogezea kijiko mbali kwa makusudi aone kama atakipata. Rula hajali. Asiyewahi kufanya kazi katika chumba cha leza hawezi kujua kwamba mwale hupita usawa wa meza, umenyooka kama uzi wa mwashi, na kwamba mtu anayeinama kuokota kalamu hulishusha jicho lake pale pale mwale unapopita. Kwa hiyo unafumba, unainama, unapapasa, unainuka, ndipo unafumbua. Walifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya mwaka wa tatu, na miaka ishirini na saba haijamwondolea mazoea hayo.

Jina la Rula alipewa chuoni humo, kwa sababu alipigia mstari kila kichwa cha habari kwa rula, hata kwenye barua alizoandikia nyumbani. Sasa alikuwa profesa wa leza kwenye chuo kingine, mwenye mvi mbili tatu na miwani iliyopinda kidogo upande wa kushoto. Lakini asubuhi ile aliposhuka garini mbele ya jengo lake la zamani, mlinzi akamsogezea daftari aandike jina, nusura aandike Rula.

Jengo lilikuwa linavunjwa mwezi ujao. Idara inahamia jengo jipya lenye lifti, na walimwalika aje kusema maneno ya kuaga, yeye akiwa ndiye mwanafunzi wao aliyefika mbali. Hotuba ilikuwa mkobani, kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na kisa cha Kicheko.

Kisa hicho kilikuwa mtaji wake. Kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa, aliwasimulia wanafunzi wake: “Tulikuwa na kioo kimoja tu cha mwisho. Tukaketi kimya nusu saa, hata nzi tulimwomba atulie. Nikafungua mwale, nahesabu, mara mwenzangu, jina lake Kicheko, akaangua kicheko. Meza ikatikisika, hologramu, picha yetu ya leza, ikafa. Basi wapenzi wangu, nje chekeni mpaka mbavu ziume. Humu ndani, ng'o!” Darasa lilikuwa likivunjika mbavu. Kisa kilisafiri. Hata watu ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake walikijua, na walikitia chumvi yao.

Alikuwa na saa nzima kabla ya hotuba. Miguu ikampeleka yenyewe hadi mwisho wa ujia mrefu, kwenye mlango mweusi wenye taa nyekundu juu yake. Taa ilikuwa imekufa. Ndani, Fundi wa maabara alikuwa amepiga magoti kando ya meza yake, anachekecha mchanga.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Funga mlango, vumbi hilo.” Kisha akamtazama. “Ah, kumbe Rula! Ingia, mwanangu, ingia. Unaona wanavyonifanyia?”

Fundi alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita. Walimwita arudi wiki mbili awaoneshe kipi ni kipi, na yeye alitumia wiki mbili hizo kupigania mchanga. Meza ya maabara ile haikuwa meza ya kununua. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililojazwa mchanga, limekalishwa juu ya tyubu nne za magurudumu ya gari zilizojazwa upepo kiasi, ili mtikisiko wa nje ufie kwenye mpira na uliobaki ufie mchangani. Vioo na lenzi zilisimamishwa kwenye mabomba ya plastiki yaliyochomekwa mchangani kama miche. Fundi aliuchekecha mchanga huo kila muhula, akauosha, akauanika, akaurudisha.

“Wamenunua meza ya chuma inayoelea juu ya hewa,” alisema. “Haya, waelee. Nimewaambia wauchukue mchanga wangu, wananicheka. Mchanga huu umesomesha watu!”

Rula alicheka, na alipokuwa akicheka akagundua kwamba alikwishavua pete na saa na kuvitumbukiza kwenye kapu lililoning'inia mlangoni. Hakukumbuka kuvivua. Kapu lilikuwa lile lile, la ukindu, mkono wake mmoja umefungwa kwa waya. Hakuna aliyeingia na kitu kinachong'aa mwilini, maana pete ikikutana na mwale huurusha usikojua, na huenda ukaishia kwenye jicho la mwenzako. Asubuhi za muhula, kapu lilijaa saa, bangili, hereni, vifungo vya mikanda. Jioni walikuwa wakichambua kila mtu chake, na Kicheko kila mara alijifanya amesahau ipi ni yake, anajaribisha za wenzake vidoleni.

Fundi alimwona alivyovua pete. Akageukia mchanga wake.

Rula akaketi kwenye kigoda. Harufu ilikuwa ile ile, ya siki na vumbi lenye joto. Madirisha yalikuwa bado yamepakwa rangi nyeusi, ila kwenye moja rangi ilikuwa imebanduka, na kijua cha saa nne kiliingia kwa upenyo wa ukubwa wa kiganja. Sinki lilikuwa na madoa ya kahawia ya dawa za kuoshea vioo. Ukutani, juu ya sinki, kulikuwa na alama mbili za penseli. Yeye na Kicheko walipimana urefu hapo siku moja walipokuwa wakisubiri dawa ipoe. Kicheko alimzidi kidole kimoja, na alimnyanyasa kwa kidole hicho mwaka mzima.

Walikuwa chanda na pete. Walikula sahani moja, walinakili daftari moja, na mmoja akiumwa mwingine alijibu jina lake darasani. Watu waliwauliza kama ni ndugu, na Kicheko alikuwa akijibu, “Ndiyo, mimi ndiye mkubwa, muone hicho kidole.” Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, kinachokuja bila hodi. Alipewa jina hilo kabla hata hajafika mwaka wa tatu. Rula hakuwahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile. Mume alimpata, watoto akawapata, heshima akapata, lakini mtu wa kumnyanyasa kwa kidole kimoja hakumpata tena. Alimkumbuka mno, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

“Fundi,” alisema, “nina ombi. Una kioo chochote kibovu cha hologramu? Nataka kukinyanyua wakati wa hotuba, nikifika kwenye kile kisa. Hata kile chenyewe cha Jumapili ile, kama hukukitupa!” Akacheka peke yake.

Fundi aliweka chekecheke chini. Akajifuta mikono polepole, kidole baada ya kidole.

“Nimelingoja swali hilo miaka ishirini na saba,” alisema.

Akaenda kwenye kabati la chuma, akavuta droo ya chini kabisa, na kutoa kitu chembamba kilichofungwa kwa karatasi nyeusi.

Jumapili ile walichagua mchana, saa nane, wakati jengo halina mtu wa kutembea ghorofani. Hologramu ni picha inayoandikwa kwa mwanga wa leza ndani ya kioo, na ukisogeza kichwa unaona hadi ubavuni mwa kitu, kana kwamba kipo pale. Lakini kitu kikitikisika wakati wa kuandikwa, hata kwa kiasi kidogo kuliko uzi wa buibui, hakiandikiki. Waliharibu vioo vitano kwa wiki tatu. Kikabaki kimoja. Walitoa vitu kapuni: kufuli la maabara, filimbi ya Fundi, na pete ya marehemu mama yake Kicheko. Wakavigandisha kwa gundi juu ya tofali, wakalizika tofali nusu mchangani, wakasimamisha kioo mbele yake. Rula alikaa mezani, mkono kwenye kadi nyeusi iliyoziba mwale. Kicheko alikaa nyuma yake, mgongo ukutani. Walizima taa. Wakangoja nusu saa, hewa itulie, mchanga utulie, wao wenyewe watulie.

Rula akainua kadi. Akahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akairudisha.

Na hapo, au kabla kidogo ya hapo, tumbo la Rula likanguruma. Likanguruma kwa kirefu, lilipanda na kushuka, maana hawakuwa wamekula tangu jana yake. Kicheko akaangua kicheko.

Tumbo hilo halikuwahi kuingia kwenye kisa. Miaka yote ya kufundisha, wanafunzi wa Rula walidhani Kicheko alicheka bure.

Kicheko akakimbilia nje amalizie kucheka huko. Rula akakizamisha kioo kwenye dawa ya kwanza, ya pili, akakiosha kwa maji. Akawasha taa, akakiinua kikiwa kinachuruzika. Kitupu. Kioo cheupe tupu, kama cha dirisha. Kabla kioo hakijatoka majini hakuwa na hakika kicheko kilianza lini. Kilipotoka kitupu, hakika ikamjia yote kwa mpigo. Akakitupa kwenye pipa la taka na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Profesa wao, nyuma ya chuo.

Profesa, marehemu sasa, alikuwa mtu wa maswali machache. “Ulimwona?” aliuliza.

“Nilimwona. Alicheka, akaiegemea meza, mwale ukiwa wazi.”

Kicheko aliitwa. Alisema hakuigusa meza, na kadi ilikuwa imekwisharudi. Profesa alimtazama yule anayepiga mistari kwa rula, akamtazama yule anayecheka, akachagua. Kicheko akafungiwa maabara muhula mzima. Jumatatu alifunga sanduku lake, akaondoka chuoni asirudi.

“Nilikikuta Jumatatu ile nikimwaga taka,” Fundi alisema. “Kimekauka. Kifungue ukitazame pale penye jua.”

Rula alifungua karatasi. Akasimama kwenye upenyo wa dirisha, akakiinamisha kioo jua likipate kwa juu.

Kufuli lilikuwepo. La kijani, linang'aa, limekaa nyuma ya kioo kana kwamba unaweza kulishika. Filimbi ilikuwepo, na kitundu chake, na kivuli ndani ya kitundu. Akasogeza kichwa kushoto, na kutoka nyuma ya kufuli ikachungulia pete, duara zima, haina hata ukungu. Hakuna kitu kilichotikisika. Kama Kicheko angecheka mwale ukiwa wazi, achilia mbali kuegemea meza, kioo hiki kisingeshika hata kivuli cha kufuli.

Yeye ambaye kila mwaka aliwafundisha watoto wa watu kwamba utando wa dawa ukilowa huvimba kama maharage yaliyorowekwa, na hologramu ya namna hii haionekani mpaka ikauke! Alikuwa akilifundisha somo hilo Jumanne, na kisa cha Kicheko Jumatatu, na kwa miaka yote hakuwahi kuviweka pamoja. Au hakutaka.

“Kwa nini hukusema, Fundi?” aliuliza. “Kwa nini hukumpelekea Profesa?”

“Nilikuwa nampelekea. Mwenzako alikuja kuchukua pete yake, akakiona. Akanishika mkono. Akasema, kama Rula mwenyewe hakutaka kukitazama mara mbili, mimi sitaki kurudishwa na kioo. Akasema, kiweke, siku akikiulizia mpe. Nami nikawa mjinga, nikamsikiliza.” Fundi alichukua chekecheke lake, akalishika tu. “Hukukiulizia.”

“Yuko wapi sasa?”

“Ana duka la miwani. Anasaga lenzi mwenyewe, kwa mkono wake, watu wanatoka mbali. Nimemwalika. Yuko ukumbini, kiti cha nyuma.”

Rula alitamani ardhi ipasuke. Wazo la kwanza lililomjia, na halikuwa zuri, ni kwamba anaweza kuruka ukurasa wa pili. Asome wa kwanza, ashukuru, apigiwe makofi, kisha amfuate mwenzake kando wamalizane kimya kimya, watu wazima wawili. Alilitembeza wazo hilo ujia mrefu wote. Kila hatua lilionekana la busara zaidi.

Lakini kisa hakukisimulia kando. Alikisimulia mbele ya madarasa ishirini.

Ukumbi ulijaa. Walimu vijana, wanafunzi, waliokuwa wenzake enzi hizo na vitambi vyao. Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Alipofunua wa pili na kusema, “Basi, siku hizo tulikuwa na kioo kimoja tu cha mwisho,” watu wakaanza kucheka mapema, kama wanavyocheka wanaojua kinachokuja. Mmoja akapaza sauti, “Kicheko!” Ukumbi ukalipuka.

Rula alikunja karatasi.

“Kisa hiki mmekisikia,” alisema. “Nimekisimulia mimi, na nimekisimulia vibaya.” Akakinyanyua kioo, lakini taa za ukumbi zilikuwa za kutawanya mwanga, hakuna aliyeona kitu. “Hiki ndicho chenyewe. Kizima. Kina kufuli, filimbi na pete. Nilikitazama kikiwa kimelowa, nikakitupa. Kosa hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu akifanya namkata alama.”

Wachache walicheka, hawajui waende upande gani.

“Hilo ni kosa la mikono. Jingine ni la ulimi. Profesa aliniuliza kama nilimwona mwenzangu akiiegemea meza. Nikasema nilimwona.” Akakishusha kioo. “Alikuwa nyuma yangu, na palikuwa na giza. Sikumwona. Sikuona kitu chochote. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa, nikamtoa yule niliyempenda kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa karibu. Akafukuzwa chumba alichokipenda. Na mimi nikamgeuza kichekesho. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika hapa leo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Kiti kililia mahali fulani. Mkuu wa idara alisimama, akaketi tena, kwa kuwa kwenye ratiba hapakuwa na kitu cha kufanya hapo.

Rula alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka nyuma kabisa. Mwanamke aliyekuwa amekaa hapo alikuwa amenenepa, kichwa chake cheupe karibu chote, miwani ya duara inamkaa vizuri sana. Kidoleni alikuwa na pete. Rula hakuhitaji kusogeza kichwa kuitambua.

Walitoka nje, wakasimama kwenye baraza.

“Umesahau tumbo,” Kicheko alisema.

“Nini?”

“Umewaambia yote, ila tumbo lako hukulitaja. Mtu anadhani nilicheka kama mwendawazimu.”

Rula alifungua mdomo, machozi yakatangulia. “Nisamehe,” alisema. “Sijui niseme nini zaidi. Nisamehe.”

Kicheko alitazama mbali, kwenye mti ulioegeshewa baiskeli. “Kioo sikukililia,” alisema. “Vioo huvunjika, kazi ndiyo hiyo. Hata kufungiwa maabara ningestahimili. Nililia lile neno moja, nilimwona. Nilikuwa najisemea, Rula huyu hawezi kuandika namba asiyoipima, sasa hii kaipima wapi?” Akamgeukia Rula. “Nisikudanganye. Sijakusamehe bado. Nimekuja nione kama utakisimulia tena huku mimi nimekaa pale.”

“Ningekisimulia. Kama Fundi asingenipa kioo, ningekisimulia.”

“Najua. Hilo nalo umelisema, basi.” Akanyoosha mkono. “Lete nikione. Nilikiona mara moja tu, na siku hiyo machozi yalinizidi.”

Rula alimpa. Vidole vyake vilikuwa na jasho, karatasi nyeusi ikateleza ikaanguka kati ya miguu yao. Wote wawili waliinama kuiokota. Wote wawili, pale barazani, kwenye jua la saa sita, mahali pasipo leza wala meza, walifumba macho kwanza. Vichwa vikagongana, ko!

Kicheko akabaki ameinama, mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine umekikumbatia kioo kifuani kisidondoke. Mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikamtoka, kile kile cha kuanzia tumboni, kisichopiga hodi, kikajaa baraza mpaka waliokuwa ukumbini wakageuka.

Rula alikuwa angali amefumba. Hakufumbua mpaka alipokisikia chote.